Tarumbeta la Baba Mkwe

Jumamosi, 7 Juni 1952
Mume wangu Enoka karudi kutoka ng'ambo ya mpaka na redio! Betri kaibeba begani kama mtoto mgonjwa. Nyumba imejaa majirani mpaka nimekosa pa kupita. Redio hii haina tarumbeta juu yake kama gramafoni ya marehemu baba mkwe. Enoka anasema ndani kuna spika — karatasi ngumu iliyokunjwa kama faneli, nyuma yake sumaku. Karatasi ikitetemeka, mtu anaongea. Boazi, jirani yetu, kauliza kama karatasi hiyo inajua lugha yetu ya Kinamwanga. Enoka kasema bado, ni Kibemba cha ng'ambo tu. Tulicheka!
Mama mkwe naye akacheka, akitutazama midomo. Masikio yake yameziba miaka mingi sasa. Roho imeniuma.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Enoka kaihamishia spika kwenye sanduku la mbao za mninga, nyuma kaziba kwa ubao. Mwenye duka wa ng'ambo kamwambia ndio mtindo wa sasa, sauti inakuwa nzito. Kweli — vikombe vinalia kabatini! Mama mkwe kaweka kiganja juu ya sanduku. Kasema linapumua. Basi.

Jumanne, 10 Juni
Enoka kaling'oa tarumbeta la gramafoni. Halina kazi tena, eti nilitumie kumiminia mahindi kwenye magunia. Nikalifuta vumbi. Sijui nini kilinituma. Ncha nyembamba nikaiweka sikioni mwa Mama, nikasema kwenye kinywa kipana, taratibu tu:
"Mama, uji uko tayari."
Akaruka! "Nani huyo?"
"Mimi, Nesta."
Akanishika shavu. "Kumbe una sauti ya upole. Siku zote nilidhani unanigombeza."
Jamani. Sote tunampigia kelele, naye anachoona ni nyuso zilizokunjamana tu. Nimelia jikoni.

Jumatano, 11 Juni
Maswali kutwa. Nani kaolewa, nani kahama, mbwa wa Boazi kaenda wapi. Koo limenikauka. Redio hakuna aliyeikumbuka.

Alhamisi, 12 Juni
Asubuhi Mama kajiwekea tarumbeta mwenyewe, kaniita.
"Sasa niambie. Mika mbona haji?"
Mika, mdogo wake Enoka. Mgodi ulimfukia mwaka jana. Tulimlilia kule Igamba kwa shangazi, Mama tukamwacha hapa bila kumwambia. Enoka alisema habari ya msiba haipigiwi kelele sikioni mwa mzazi.
Nimemkimbilia Enoka uani, alikuwa anapura maharage. Kasema nimwambie sijui. Kisha kasema hapana, nisimdanganye. Kisha kainua fimbo ya kupuria, maharage hakuyapiga.
"Nesta, sauti yako ndiyo anayoisikia."
"Na wewe ndiye mwanawe," nikamjibu.
Nimeingia chumbani, naandika. Mlango uko wazi. Mama amekaa palepale, tarumbeta kalishika kwa mikono miwili. Enoka anaingia. Amevua kofia. Mama anamtazama — analiweka tarumbeta chini, polepole, kwenye mkeka. Habari kaisoma usoni mwake.