Kabari ya Oloirien

Kijenge, 3 Juni 1994

Baba,

Shikamoo. Nainamisha kichwa hapa nilipo, kiguse kwa mbali. Mama yeyo mguu wake unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umepaa.

Mwalimu mmoja, Tekla, ametuletea gari lake la Kijapani, mkanda wa taimingi umekatika. Juu ya injini kuna gia mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Nikifunga mkanda mpya lazima zitulie palepale, lakini springi za valvu zinazisukuma, moja inaruka kabla sijamaliza. Ikikosea jino moja tu, injini inajivunja yenyewe. Kifaa cha kuzishikilia nimekitafuta Arusha nzima, hakipo. Bwana Reginald, mwenye gereji, amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nikishindwa, nirudi nyumbani.

Najua ulisema gereji si mahali pa binti. Lakini kwa kuchonga mipini na viti sijaona wa kukufikia. Nimepaka gia grisi nikabandika karatasi, alama zake ndizo hizi. Uzi huu ni nafasi kati ya gia moja na nyingine. Nichongee kabari yenye meno pande zote mbili, nizibane.

Binti yako,
Nashipae

Oldonyo Sambu, 11 Juni 1994

Mwanangu,

Marahaba, kichwa nimekigusa. Mama yako bado anachechemea, ila mdomo wake mzima kabisa.

Nimekaa na karatasi yako siku mbili bila kushika kisu. Nilihesabu meno, nikarudia, nikamwita jirani yetu Sumari naye ahesabu. Arobaini na nane, na hakuna lililomzidi mwenzake hata kwa unywele. Nachonga tangu sijatahiriwa na sijawahi kutoa vitu viwili vikafanana hivyo. Nilivua kofia, usinicheke.

Nimetumia oloirien, mti ule ule tunaofukizia vibuyu vya maziwa. Chuma kingekwaruza gia. Bariki muuza maziwa anakuletea.

Baba yako,
Loserian

Kijenge, 15 Juni 1994

Baba,

Shikamoo, na poleni na baridi. Upande mmoja meno yameingia vizuri mno, upande wa pili yamegoma. Kabari ni pana kidogo. Bwana Reginald aliinyanyua juu akauliza, "Hii ndiyo spana ya Kimasai?" Mafundi wote wakacheka. Nilienda kulia chooni. Naogopa, baba.

Nashipae

Oldonyo Sambu, 18 Juni 1994

Mwanangu,

Pole. Kosa ni letu wawili. Ule uzi uliufumua kwenye sweta, nami nikaupokea bila kufikiri. Leo nimeuvuta, ukarefuka. Nipimie kwa njiti ya ufagio, haivutiki. Na ukitaka kulia, lia huku unafanya kazi.

Baba

Oldonyo Sambu, 2 Julai 1994

Nashipae mwanangu,

Hujambo? Huku wote tunapumua, na mahindi yanakauka vizuri.

Kabari ya pili, niliyoichonga kwa kipimo cha njiti yako, sikumwachia Bariki peke yake. Alhamisi, siku ya mwisho uliyopewa, nilishuka naye. Yeye aliingia kwenu, mimi nikabaki ng'ambo ya barabara na shuka langu. Ningesogea ungeacha kazi uje kuniamkia.

Nilikuona ukiisukuma kati ya zile gia kwa kiganja, kisha ukaachia mikono yote miwili. Zikatulia. Ukavisha mkanda bila haraka, ukachomoa kabari, ukazungusha injini kwa spana taratibu huku umetega sikio. Wanaume sita walikuwa nyuma yako, hakuna aliyecheka. Halafu gari likawaka.

Miaka yote hii naamka nauona mlima Meru ukivua mawingu, nikadhani kustaajabu nimeshamaliza. Yale niliyosema kuhusu binti na gereji niliyasema sijaona kitu. Baki huko, mwanangu.

Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza yule fundi ni mtoto wa nani. Nikajigonga kifua kwa kidole.

Baba yako,
Loserian