Kiboko Amepita

Shangazi Zaina, mpendwa wangu uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa kwenye kizingiti cha nyumba yako hapa mtaani Kasuku. Hukupenda mtu azunguke, basi niseme: wazazi wanataka kunijazia uwanja madawati. Watoto ninaowapokea wakitoka shule, hadi mama zao warudi kutoka sokoni, wasicheze tena. Waandike, wakariri, wajibu. Anayewaongoza wazazi hao ni Musafiri. Ndiyo, Musafiri wako, yule mtoto aliyekuwa akisinzia katikati ya mchezo. Siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki na tumbo la kutosha.

"Dada," aliniambia, "sisi vita ilitukatalia kucheza, ikatukatalia na kusoma. Mutoto wangu akipata wakati, asome. Kucheza haiko kazi."

Nilijiuliza ameuacha wapi mtumbwi.

Maana wewe ulitupatia mtumbwi miaka ileile ya vita, shule ikifunguliwa leo na kufungwa kesho, mama zetu wakihangaika kutafuta muhogo. Tulikaa chini mstari mmoja, huyu nyuma ya huyu, tukipiga makasia ya hewa, tukiteremka mto kuelekea Lokandu. Ukiita "Kiboko!" wote tulilala kifudifudi, kimya, mnyama asije akatupindua. Hakuna kuinuka mpaka useme "Amepita." Kisha ulimuuliza kila mmoja, kwa jina lake: "Umeona nini chini ya maji?" Hukumruka mtu. Siku moja nilisema nimeona ngamia. Hukucheka. Uliuliza alikuwa amevaa nini.

Risasi zilipolia kweli, uliita kwa sauti ileile. Nakumbuka alasiri moja kiboko alichelewa sana kupita. Ukuta ulimwaga vumbi juu yetu, nikawa na udongo mdomoni, na mkono wako ulikuwa mgongoni kwa Musafiri aliyekuwa akikoroma. Uliposema "Amepita," sauti ilikuwa imekukauka, lakini ukaanza maswali yako tangu wa kwanza hadi wa mwisho, bila haraka. Mimi nilidhani tunacheza. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nilipoushusha ule mkeka uliokuwa umeutundika ukutani nikaona matundu nyuma yake.

Watu huniuliza malezi mazuri ni nini. Sina maneno makubwa. Nadhani ni lile swali lako, na subira ya kungoja jibu hata kama ni la ngamia.

Sasa sikia. Juma lililopita Musafiri alikuja kunishukuru. Kunishukuru! Binti yake Aziza alikuwa amemweleza nyumbani kwamba kwangu kuna kiboko kila siku. Akafurahi, maskini. Alifikiri ni ile fimbo ya ngozi.

"Aksanti, dada. Nilizania uko unabadekeza batoto. Kumbe unabachapa!"

Nilicheka hata nikashika mlango. Kabla sijamweleza, Aziza, aliyekuwa nahodha siku hiyo, akaita nyuma yangu: "Kiboko!"

Watoto wakalala. Nami nikalala, ndiyo kawaida yangu. Nikasikia kishindo kizito kando yangu. Musafiri alikuwa kifudifudi vumbini na suruali yake ya kazi nzuri, mikono juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia alale. Sidhani hata yeye alijiambia.

Aziza akasema "Amepita." Watoto wakaketi. Baba mtu alibaki chini.

"Papa, inuka. Alishapita."

Akainuka polepole. Aziza alimtazama kidogo, akaendelea na maswali yake, maana mchezo una sheria. Akapita kwa wenzake mmoja mmoja mpaka akamfikia.

"Na wewe, papa, umeona nini chini ya maji?"

Musafiri alijipangusa magoti, kisha akayapangusa tena.

"Nimeona Mama Zaina," alisema. "Aliniwekea mukono mugongoni."

"Alikuwa amevaa nini?"

Akafikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta kipuri cha pikipiki ya zamani. "Kikwembe ya manjano," alisema. "Ilipasuka huku chini."

Kweli, kile kitenge kilipasuka chini. Mimi nilikuwa nimesahau.

Madawati hakuyataja tena siku ile. Huenda akayataja kesho, namjua ubishi wake. Lakini jana alimleta Aziza mwenyewe, akasimama getini zaidi ya ilivyohitajika.

Siku ile ya kiboko, zamu yangu ilipofika, nilisema nimeona samaki. Sikutaka kulia mbele ya watoto. Jibu la kweli nakupa wewe, kwa kuwa ni lako: nilikuona umelala pamoja nasi, shavu chini, unangoja kama sisi. Sisi tulikuwa na wewe wa kutuambia. Wewe hukuwa na mtu. Nakupenda, na jambo hilo linaniuma.

Basi leo nakwambia mimi. Amepita, shangazi. Amepita.

Mtoto wa kaka yako,
yule wa ngamia