Nyota ya Udongo

Milimani, Mbinga
Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla Mwajuma hajafika kwenye sentensi hii. Goti linaendeleaje? Na macho? Mwajuma, mdogo wangu, msomee Baba polepole, wala usiruke mahali. Nitajua.

Mimi ni mzima wa mwili. Ukungu wa huku unashuka mpaka mlangoni, na nimeanza kulala na soksi kama bibi. Watu ni wema, nisiwasingizie. Wananiletea mahindi na maharage, hata wazee wananiita Mwalimu. Lakini nikifika bombani kuteka maji wanaacha Kimatengo chao, wanahamia Kiswahili kwa ajili yangu, na maneno yanapungua mpaka yanaisha. Nikiondoka nasikia vicheko vinarudi. Adhana naisikia nikishuka Mbinga mjini tu. Nina upweke, Baba. Sina namna nyingine ya kuusema.

Habari mbaya niimalize mapema. Yule mwalimu tuliyekubaliana naye tubadilishane vituo amejitoa. Alikuja kuangalia, akalala siku mbili, akasema baridi hii haiwezi. Kwa hiyo sirudi Tanga mwezi huu, wala sijui lini. Daktari alisema dawa ya presha ya macho hairudishi kilichokwishapotea, nami nilitaka nirudi wakati bado unaniona. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nikueleze kazi. Kidato cha pili nawafundisha jometri, nikaamua niwaonyeshe nakshi zako, zile ulizokuwa ukichonga kwenye chokaa ya msikiti: duara kwa bikari, mraba ndani yake, mraba wa pili umepinda juu ya wa kwanza, nyota ya pembe nane inatokea. Walizipenda mno. Nikawaambia ulivyokuwa ukiniambia mimi, tena kwa kunipiga kofi la mkononi: mistari ya mwanzo ichore kwa mkono mwepesi, kisha uifute, nyota ibaki peke yake.

Hakuna aliyefuta. Darasa zima! Mistari ile walikuwa wameikandamiza kwa krayoni ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, mpaka nyota zangu zimemezwa. Nilipandwa na hasira, unanijua. Nikamsimamisha Gaudensia, binti anayeongoza kwa hesabu, nikamuuliza raba zao zimekwenda wapi.

"Mwalimu, nyasi hazitolewi," akasema. "Zinafukiwa."

"Nyasi gani?"

Akanionyesha dirishani. Mlima wa mbele yetu umejaa ngoro, yale mashamba yao ya mashimo. Wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari ya miraba mlima mzima, kisha wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo wa hapo. Juu ya matuta ndipo wanapopanda, na shimo linabaki kushika maji ya mvua.

"Ukizitoa nyasi, Mwalimu, tuta linabomoka," akaniambia kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto.

Kesho yake wakaja na udongo mwekundu waliouchekecha vizuri, wakaukanda kwa uji mzito, wakaijenga nyota moja juu ya kadibodi. Kila mstari umeinuka tuta, na ndani ya mashimo wamepaka kijani na bluu. Mwalimu mkuu akapita, akauliza, "Hii ni hesabu au ni kilimo?" Tukacheka wote, na mimi nikiwemo.

Alhamisi nikaipiga picha, nikaituma kwenye simu ya Mwajuma. Ijumaa ulipopiga nikakuuliza kama umeiona nyota yetu ya rangi. "Nimeiona, mwanangu," ulisema. "Nyota imekaa sawasawa, na rangi mmezipatia." Siku ile nilitembea shuleni kama niliyepandishwa cheo.

Jana nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Picha ilikuwa bado haijaondoka kwenye simu yangu, Baba.

Nilikaa pale juu ya jiwe mpaka ukungu ukanikuta. Nililia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia. Simlaumu Mwajuma, wala wewe. Najua mlinificha kwamba huoni tena, ili nisiumie huku peke yangu. Nimeumia hivyo hivyo.

Nisalimie mama mdogo, na shangazi Mwanaidi wa vitumbua, mwambie vya huku ni vigumu kuliko kokoto. Msalimie pia Mzee Kombo, fundi mwenzio, aliyekuwa akikuchanganyia chokaa.

Kadibodi yenyewe inakuja kwa basi, nimeifunga ndani ya kanga mbili. Mwajuma, muwekee Baba mapajani, kisha utoke nje. Baba, wanafunzi wamekosea mahali. Kuna pembe moja haikukaa. Itafute kwa vidole, halafu unipigie wewe mwenyewe uniambie ni ipi.

Mwanao,
Zuhura