Kumkazia Mzee Macho

Jumanne, Wembley

Mara mbili! Mimi, niliyewatambia wote kwamba nimezaliwa kwa ajili ya TV, nimemharibia kazi dairekta mzee wa Kimarekani. Mtu amefanya tamthilia za mapolisi, za hospitali, za mahakama, vipindi vingi kuliko nywele zake, na wanasema hana desturi ya kurudia kupiga tukio.

Nina sentensi moja tu. Namkazia macho polisi mzee, namwambia, "Mwongo we!" Lakini yule mwigizaji ana mvi kama za Babu. Kila nikifungua mdomo, macho yanashuka sakafuni yenyewe.

Dairekta hakufoka. Bora angefoka. Alisema taratibu, "Kesho, mara moja tu. Ukiinama tena, nampa mwengine."

Na Mama keshawaalika jamaa wote waje kunitazama siku ikionyeshwa.

Jioni nikamwomba Babu anisaidie mazoezi. Nikamkazia macho, nikapaza sauti, "Mwongo we!"

Babu akauliza, "Nani huyo unayemtolea macho?"

"Ni mchezo, Babu, wa TV..."

"Teremsha macho."

Nikateremsha. Na gari ya studio inakuja saa kumi na mbili asubuhi.