Chupa Nne za Mei

Kituo cha Utafiti wa Maji,
Chumba cha Hadubini.
Jumanne, 12 Mei.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mwalimu wa chuo kikuu, unakula? Unalala? Nasikia baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa, na wewe mifupa ndiyo mali pekee uliyojaliwa. Vaa soksi. Huku sote wazima, ila Mama Mdogo na magoti yake, na mimi na macho yangu. Tangu uniachie kiti hiki nashinda nimeinamia hadubini, nikiinuka naona madoa ukutani.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ungenichekesha, ningecheka, na tungeagana sijauliza nilichotaka kuuliza. Barua huwezi kuichekesha. Anakuja nayo mwenzangu wa maabara anayesafiri leo, kwa hiyo kesho itakuwa mkononi mwako.

Kuna jambo, Kaka. Unawakumbuka wale planktoni wenye sumu, viumbe wa baharini wadogo hata jicho haliwaoni? Chaza akiwala hadhuriki, anayedhurika ni mla chaza. Wiki iliyopita nimewahesabu nikapata 950 kwa lita. Nikashtuka, nikamkimbilia Bosi. Akafungua daftari lako la miaka mitano nyuma, Mei pekee tuliyowahi kuhesabu kabla ya hii, akasema, "Tulia, binti. Mei huwa hivi hivi. Kaka yako alipata 947." Ijumaa saa nne anasaini ripoti kwamba chaza ni salama, watu waendelee kuokota.

Ningetulia kama si Mama Mdogo. Jumamosi amekula chaza wake, jioni midomo imekufa ganzi. Anasema ni pilipili. Pilipili gani hiyo? Amekula pilipili tangu hatujazaliwa, leo ndiyo imtie ganzi?

Basi nikaanza kushuku. Kwanza niliyashuku macho yangu, nikahesabu upya mara tatu. Halafu nikamshuku dereva wa boti. Nikasema huyu mzee amechoka, anajaza chupa zote hapo gatini kisha anakwenda kulala. Nikapanda naye boti bila kualikwa, nikamkodolea macho kutwa nzima. Maskini, alisimama kila mahali panapotakiwa, akasuuza chupa mara tatu tatu kama ilivyoandikwa. Tulipofika gatini akaniuliza, "Umeridhika, mkaguzi?" Nilitamani kujificha chini ya turubai.

Ikabaki daftari lako.

Kaka, aliyenifundisha kazi hii ni wewe. Tunachuja lita nzima ibaki matone ishirini na tano, tunachukua tone moja, tunahesabu tunaowaona, tunazidisha kwa ishirini na tano. Ukiona watatu unaandika 75. Ukiona kumi, 250. Hesabu yetu haiwezi kuishia na saba. Haiwezi! Sasa nisomee Mei yako: 947, 813, 1,062, 889. Ingekuwa moja ningesema kalamu imeteleza. Zote nne?

Nadhani najua ulivyofanya, na ndicho kinachoniuma. Uliogopa namba nzuri nzuri zisije zikashukiwa, ukazitia makunyanzi ili zionekane za kweli. Ungekuwa mvivu kidogo tu ukaandika 950, nisingekukamata maisha yangu yote.

Hata hapo sikutaka kuamini. Nikaenda kabatini. Unakumbuka ile tabia ya dereva wa boti tuliyokuwa tukimcheka? Akishafunga chupa kwa utepe, anachora mstari wa kalamu kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye kioo, kwa sababu chupa ikifunguliwa hata mara moja, mstari haukutani tena. Tulisema mzee huyu angeshuku hata kivuli chake. Chupa zako nne za Mei zimo, nyuma kabisa, ndani zina dawa ya kuhifadhi, nje vumbi la miaka mitano. Mistari yote imenyooka. Hakuna aliyezifungua.

Nikamwita yule mzee ashuhudie, na hapo hapo nikamwomba radhi. Nimezifungua mbele yake. Nimepata 75, 50, 100 na 75. Hiyo ndiyo Mei ya kweli, Kaka. Ya mwaka huu imeizidi zaidi ya mara kumi, na Bosi anaiita kawaida kwa sababu ya daftari lako.

Nina hasira na wewe, na nimelia. Najua mwaka ule ulikuwa unasomea mtihani wa kwenda huko, na sote tulikusukuma uupate. Huenda uliona Mei moja haitamdhuru mtu. Lakini kama nimekosea, kama kulikuwa na chupa nyingine nisizozijua, niambie. Nitakupigia magoti. Wallahi natamani nikupigie magoti.

Kama sijakosea, mpigie Bosi wewe mwenyewe kabla ya Alhamisi jioni. Mficha uchi hazai. Usipopiga, Ijumaa asubuhi nitaingia ofisini kwake na chupa nne na daftari moja. Nitaogopa, ila nitaingia. Ulikuwa ukiniita Kimbelembele kwa maswali yangu. Basi leo jina limepata kazi.

Mama Mdogo nimemfichia kisu chake cha chaza. Anawashuku majirani wote, na ananisimulia mmoja mmoja huku mimi naitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe.

Nisalimie shemeji, wabusu mapacha. Dereva wa boti anasema hana neno la kukuambia, lakini alipokuwa anaondoka aliuliza kama huko una koti zito. Mama Mdogo anakusalimu sana. Anasema mwaka huu chaza wamenona, na bado anawaambia watu wote kwamba mtoto wake ni mtaalamu wa bahari. Amekujazia kopo la chaza wa kuchemsha nikutumie pamoja na barua hii. Wewe unajua kuchemsha hakuiondoi sumu ile. Kopo limo kwenye friji ya maabara, nimeandika juu yake "Usiguse".

Kama zile namba uliziona kwa macho yako, Kaka, niambie, nikutumie ule.

Mungu akulinde, akupe na moyo wa kusema.

Mdogo wako anayekupenda hata leo,
Kimbelembele