Siku Tatu kwa Mama Mkubwa Takya

Dumaguete, 6 Machi 2024

Mwanangu Jovanie,

Salamu nyingi. Magoti yananisumbua kidogo, mengine mazuri. Natumaini ulifika Manila salama, na mdogo wangu, mama yako, ulimkuta mzima.

Nakuuliza jambo, usikasirike. Umelala kwangu siku tatu. Nimepika kamba wa tui, nimepika kuku wa mchaichai, na budbud, vile vikeki vya ulezi, nilikufungia mwenyewe kwenye majani ya mgomba, maana ulipokuwa mdogo ulivila mpaka ukalia tumbo. Kila nikikukaribisha, "Nimeshiba, Mama Mkubwa." Ulichokula nyumbani mwangu ni ndizi moja, uliyoimenya mwenyewe.

Jumapili alasiri ulisema unakwenda kuutazama mnara wa kengele. Mawingu ya mvua yalipotanda nikakufuata na mwavuli. Nikakuona kule Bulevadi, ufukweni, unakula vijiti vya samaki wa kusaga, kimoja baada ya kingine, unachovya kwenye bakuli la siki pamoja na nusu ya mji. Ulikuwa na njaa, mwanangu. Nikarudi na mwavuli wangu.

Chumvi ilizidi?

Mama Mkubwa wako,
Takya

Manila, 15 Machi 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Sisi hatujambo, Mama anakusalimu.

Chumvi izidi, na mpishi ni wewe? Ilikuwa adabu tu. Unajua tulivyolelewa: ukikaribishwa kataa kwanza, usionekane mlafi, mpaka mwenyeji akulazimishe. Halafu mji wenu nao! Mnara, soko, samaki mbichi wa siki, kwenda kuwatazama kasa wa kisiwa cha Apo. Nilidonoadonoa njiani, nikifika kwako tumbo limejaa. Naona haya uliniona nikila vile. Nisamehe.

Nimekutumia shali.

Mwanao,
Jovanie

Dumaguete, 27 Machi 2024

Jovanie,

Hujambo? Mimi sijambo. Shali imefika, ni nzuri.

Nilikulazimisha mara nne. Kwa wale kamba peke yao, mara nne. Adabu huishia ya tatu, hata asiye na adabu anajua.

Cheti kilichotundikwa chini ya Santo Niño, sanamu ya Mtoto Yesu, ulichouliza ni nani kahitimu, ni changu. Nilihitimu kifua kikuu, mwaka 1998. Daktari ameandika: amepona. Nimekitundika pale mgeni akisome kabla ya kukaa mezani. Ulisogea ukakisoma, nikakuona.

Usiniandikie uongo tena. Bora usiandike.

Takya

Manila, 2 Juni 2024

Mama Mkubwa, shikamoo, kama bado utaipokea.

Miezi miwili naianza barua hii na kuichana. Siku naondoka kuja kwako, Mama alinishika mkono mlangoni: "Usinywe kikombe chake." Nikamcheka. "Mama, miaka ishirini na sita!"

Mimi ni muuguzi wa wodi ya kifua. Kila siku nawaambia ndugu za wagonjwa: akishapona kuleni naye, sahani haina kosa. Nafundisha kwa sauti kubwa. Kisha nikakaa mezani kwako, ukanipakulia, na mkono ukakataa kwenda. Kukataa kwa kwanza kulikuwa adabu kweli. Kukataa kwa nne kulikuwa woga. Ningekuwa sijui kitu, ningesingizia ujinga. Nilijua. Aibu hii naenda nayo kazini na kurudi nayo.

Niruhusu nije tena.

Jovanie

Dumaguete, 10 Juni 2024

Mwanangu,

Njoo. Usilete shali.

Mama Mkubwa wako

Manila, 1 Julai 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nilifika salama kutoka kwako. Suruali zinanibana, na kosa ni lako.

Mama aliniuliza nimekula nini. Nikamtajia vyote, na kwamba tulichota kwenye bakuli moja, nami nikamalizia mchuzi uliobaki kwenye sahani yako. Alipopakua chakula, sahani yangu ilikuwa ya plastiki, ya bluu, sijawahi kuiona. Leo asubuhi kikombe changu nimekikuta peke yake, mbali na vya wengine.

Ningeweza kufoka. Nilikula tu, huku naona haya mbele ya mama yangu mzazi kama mtu aliyeiba. Ni siku mbili tu na imenichoma hivi. Wewe ulipokuja kwetu kila Krismasi, sahani yako yenye maua ilitolewa kabatini peke yake, na mimi ndiye niliyekuletea, mbio, nikidhani ni heshima ya mgeni.

Mwanao,
Jovanie