Baba Anashona, Mimi Nafumua

Mpendwa Mama Ardith wa safu ya ushauri, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana mtoto amelala sasa hivi na huyu halali zaidi ya dakika arobaini, na maonyesho ya kaunti yanaanza Alhamisi ya wiki ijayo.

Shida yangu ni baba yangu, au shida ni mimi, utaamua mwenyewe. Baba alistaafu mwaka jana baada ya miaka thelathini na minane ya kukagua reli, kazi yake ilikuwa kutembea kwenye njia ya treni akitafuta nyufa na misumari iliyolegea, na alipostaafu akahamishia ukaguzi kwangu. Mama alishatutoka, kwa hiyo kila asubuhi baba alikuja kukagua bawaba za milango, akakagua ninavyopanga vyombo, na siku nilipomkuta anapima majani ya uani kwa rula nikasema Mungu wangu, mtafutie mzee huyu shughuli kabla sijamfungia stoo.

Mungu akasikia. Bomba la chumba cha chini cha kanisa likapasuka siku ya Jumanne, siku wanawake wanaposhona mablanketi ya viraka, baba akaitwa kuliziba, akaliziba, akapewa kahawa na kipande cha keki, na penye kona palikuwa na fremu ndogo ya kutandia blanketi, ya wanaojifunza, na kiti kitupu, akakaa. Hajainuka tangu hapo. Mama Ardith, mzee amerukwa na akili kwa furaha. Anawasimamisha watu barabarani akiwasifia mashati, kumbe anapiga hesabu yatatoa viraka vingapi. Mume wangu hana tena suruali ya kaki. Mashati ya reli ya baba mwenyewe, yale aliyosema azikwe nayo, ameyakata yote yakawa viraka vya nyota, na nyota zenyewe zimependeza ajabu.

Ila sasa hajui kushona. Kukata anajua, kupima anajua mpaka anakera, lakini akianza kushikanisha kitambaa cha juu, pamba na kitambaa cha chini, ndipo balaa. Wenzake wanapiga mishono kumi kwenye inchi moja, yeye anapiga mitatu. Bi LaVonne, mkubwa wa kina mama wale, alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya kuleta habari za msiba, "Binti, mtu akilalia mishono ya baba yako, kucha za miguu zitanasa. Ataamka aende chooni na blanketi zima nyuma."

"Si mumwambie?"

"Nimemwambia. Nimemwambia ni ya aina yake."

Na wewe unajua huku kwetu mtu akishaambiwa kitu chake ni cha aina yake, hakuna tusi lililobaki. Baba akajibu asante.

Basi tukafanya walivyofanya bibi zetu, mshonaji mbaya akishaondoka, mishono yake inafumuliwa na kushonwa upya, na hakuna anayesema neno. Ila kina mama wale macho yamechoka, wakanipa mimi, kwa kuwa nilishonea kwenye fremu ile tangu utoto. Tangu Januari, kila Jumanne baba anaondoka saa nne kamili, peke yake, ati akaangalie barua, mimi nafika saa nne na nusu na watoto wangu wawili, nakaa kwenye kiti chake, nafumua yake, napiga yangu. Namshukuru kwa jambo moja, huwa anaacha sindano kumi na mbili zimeshatungwa uzi kwenye kimto cha kuchomekea, mazoea ya reli hayo, anasema anayetoka zamu humpangia zana anayeingia. Na keki yake huiacha nusu, kaifunika kwa leso ya karatasi.

Naye anajisifu. Juzi kaniambia, "Mwanangu, kitambaa ni kitu cha ajabu. Nakiacha kimejikunja, wiki ijayo nakikuta kimenyooka. Kinahitaji kupumzika tu."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Hattie wangu wa miaka mitatu akadakia, "Mama anang'oa uzi wa babu." Baba akamwambia, "Kula biskuti, mjukuu," na mimi moyo ukanirudi mahali pake.

Sasa wenye maonyesho wameliona blanketi, wamependa nyota, wamependa mishono, wamemwalika Alhamisi akae jukwaani ashone mbele ya watu. Mbele ya watu, Mama Ardith, na majaji wamevaa glavu nyeupe. Fomu inataka atie sahihi kwamba ni kazi ya mikono yake pekee. Ameibandika kwenye mlango wa friji lake wiki ya tatu hii, anasema anatafuta kalamu nzuri. Nimwambie nimvunje moyo, au nimfundishe mishono kumi kwa siku nane, au niombe mvua ya mawe? Na nikiri la mwisho: yale masaa mawili ndiyo pekee kwa wiki ambayo mtoto ameshikwa na mtu mwingine na hakuna anayenifutia kamasi begani. Nikisema ukweli, yananiponyoka. Ameamka.

Mfumuaji

*

Mfumuaji, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi kahawa ikamwagika, mara ya pili nikatamani kukufinya.

Mwanangu, wewe unakagua nini siku hizi? Baba yako kwa miaka thelathini na minane ameona ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma, huku upepo wa Februari ukimpiga usoni. Wewe unaamini haioni mishono yake mwenyewe ikiota upya kila wiki? Kitambaa kimepumzika, anakwambia, naye anangoja ucheke. Anaondoka saa nne wakati wenzake wote wanakaa hadi saa sita na nusu. Sindano kumi na mbili zenye uzi. Nusu ya keki. Anayetoka zamu humpangia zana anayeingia: umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe, na bado unauliza.

Mzee aliona binti yake amechoka, akamtafutia kiti. Na ile fomu hajaitia sahihi kwa sababu ni mtu mkweli, hawezi kuapa kwamba ni kazi yake pekee. Kalamu anazo.

Najua uchovu wako, nililea wanne. Lakini uchovu usikufanye umdhanie baba yako mjinga, na wala mapumziko hayaibwi, yanaombwa. Kwa hiyo acha kuombea mvua ya mawe, watu wana mahindi shambani. Jumanne nenda saa tatu, kabla hajaondoka. Mpe Bi LaVonne mtoto, vuta kiti cha pili, mwambie, "Baba, sogea." Usimtolee hotuba. Mstari wa mwisho apige yeye, mitatu kwa inchi, na ole wake atakayeufumua. Kwenye fomu andikeni majina mawili. Alhamisi yeye atunge uzi, wewe shona, na jaji akiuliza ule mstari mrefu ni wa nani, mjibuni ni wa aina yake. Na mapumziko yako ya Jumanne, mwombe waziwazi. Umeshaona hajui kukunyima.

Majina nimeyabadilisha, ingawa sijui itasaidia nini, maana kaunti hii ina mzee mmoja tu anayesifia mashati ya wapita njia, naye gazeti hili hulisoma lote. Basi na wewe, mzee wa reli, ambaye umefika hapa baada ya bei za nguruwe na matangazo ya vifo: Jumanne barua zisubiri. Usitoke kwenye kiti hadi umwone anayekupokea zamu.